Kisahani cha Tisa

Usitumie dawa ya meno, Sunniva.
Najua shangazi yako Borghild huitumia,
na bizimu lake limejaa mikwaruzo
kama ubao wa kukatia samaki.
Fedha haitaki kugombezwa.

Tandika foili ndani ya bakuli,
upande unaong'aa utazame juu.
Magadi, vijiko viwili. Chumvi, kiasi cha sufuria ya viazi.
Kisha maji yaliyotoka kuchemka sasa hivi,
lakini fungua dirisha kwanza,
maana jiko litanuka yai viza
na baba yako atashuka kuuliza tumepika nini.

Kesho ni tarehe kumi na saba ya Mei.
Telemark nzima usiku huu imeinamia masinki.
Saa nne, na nje bado kuna mwanga wa kusomea barua;
theluji imeng'ang'ania nyuma ya ghala
kama mgeni asiyejua kuaga.

Bibi yako alilihifadhi bizimu hili
ndani ya soksi ya sufu, miaka kumi na mmoja,
akidhani analipasha joto.
Sufu ndiyo iliyolitia weusi.
Nani angemwambia? Soksi aliifuma mwenyewe.

Alipokuwa kichanga, yeye naye,
walimbandikia fedha kwenye nguo za kulalia
ili watu wa chini ya mlima wasije kumbadilisha
na kuacha kitandani mtoto wao mwenye mkia.
Mimi siamini hayo.
Ila ulipozaliwa nilifanya vilevile,
kwa pini ya nepi, nesi alipogeuka.

Sasa tumbukiza. Taratibu.
Visahani kumi na vitatu,
kila kimoja kama ukucha wa kidole gumba.
Povu linapanda. Weusi unabanduka,
unahamia kwenye foili,
na fedha inaamka, hiki, halafu hiki,
halafu vile viwili vya pembeni.
Cha tisa hakiamki.

Cha tisa kinazidi kufifia, kijivu,
kama jicho la samaki aliyeiva.
Nipe uma. Nipe miwani yangu pia.
Nakigeuza: nyuma yake
herufi tatu zilizogongwa na mashine
na nusu ya mkia wa samaki.

Mkebe wa dagaa, Sunniva.
Mtu alikata mkebe wa dagaa kwa mkasi wa bati,
akaukunja ukafanya kitumbo kama vile vingine,
akatoboa tundu dogo,
akasubiri watu walale.

Ni babu yako Tarjei, hakuna mwingine mwenye subira hiyo.
Lakini lini? Je, cha kweli kilidondoka kwenye dansi,
naye akawahi kabla mkewe hajahesabu?
Au ni majira yale ya baridi kinu cha mbao kilipofungwa,
fedha ikageuzwa fedha,
ikanunua dawa ya kifua changu?
Nakumbuka kikohozi. Nakumbuka chupa ya kahawia.
Bei siikumbuki; mtoto haulizi bei.

Na mama?
Alilivaa kwenye kipaimara changu,
alilivaa siku tulipomzika baba,
na kila picha mkono wake umelala hapa, kushoto.
Nilidhani ni moyo unamsumbua.

Suuza kwa maji baridi. Kausha kwa fulana kuukuu ya pamba,
usifute kwa karatasi.
Cha tisa usikirudishe majini, magadi yanakila;
huyu ni ndugu wa foili ile pale,
iliyobeba weusi wote na sasa inangoja pipa la taka.
Kipitishie kidole kikavu, basi.

Hapana, sitakwenda kwa sonara wa Skien.
Kesho ukitembea nyuma ya bendera, tega sikio:
kumi na viwili vitalia kama vijiko harusini,
kimoja kitakohoa.

Soksi nipe mimi.
Imetoboka kidoleni. Nitaitia kiraka,
lakini bizimu halirudi humo tena.